Mbingu Zenye Saa Zake: Imani za Zama za Kati juu ya Sayari na Ulimwengu wa Michezo ya Njozi

Mtu wa Zama za Kati, aliyeishi kati ya karne ya 5 na ya 15, awe mkazi wa Baghdad, Toledo au Paris, hakuitazama mbingu kama uwazi mweusi uliotapakaa mawe yanayowaka, bali aliiona kama nyumba ya ghorofa nyingi, yenye wakazi na yenye kauli juu ya mwili wake, mazao yake, mji wake na hata hasira zake. Elimu ya leo imethibitisha kwamba picha hiyo haikuwa ya kweli, lakini picha yenyewe haijazikwa, kwa kuwa imepata makao mapya katika michezo ya njozi, yaani michezo ambayo wachezaji, ama wamekaa mezani na dadu zao huku msimamizi akisimulia yanayotokea, ama wamekaa mbele ya kompyuta, huvaa nafsi za wahusika wa kubuni kama vile mashujaa, wachawi, wezi na makuhani, na kuishi kwa muda katika ulimwengu wenye kanuni zake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba watunzi wengi wa michezo hiyo wameazima mapambo ya imani ya sayari na kuuacha moyo wake, na kwamba moyo huo ni wakati: ile imani kwamba saa moja haifanani na nyingine, na kwamba jambo lililo jema asubuhi laweza kuwa la hatari adhuhuri.

Ramani ya mbingu hizo ilikamilishwa na Ptolemaio wa Aleksandria, mwanazuoni wa karne ya 2 ambaye Waarabu walimwita Batlamyusi, katika vitabu viwili: kimoja cha hesabu za mwendo wa nyota, kinachojulikana kwa jina lililopitia Kiarabu, Almagest, na kingine, Tetrabiblos, yaani kitabu cha sehemu nne, kinachoeleza athari za nyota hizo kwa walimwengu. Katika ramani hiyo dunia imetulia katikati, nayo imezungukwa na matufe maangavu kama kioo, kila tufe likibeba sayari yake: kwanza Mwezi, kisha Zebaki ambayo Waarabu huiita Utaridi, kisha Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtarii na Zohali, na juu ya hayo saba tufe la nyota zisizohama, zinazounda buruji kumi na mbili. Jua na Mwezi vilihesabiwa kuwa sayari kwa sababu sayari, kama asili ya neno lenyewe inavyoonyesha, ilikuwa nyota yoyote inayokwenda, tofauti na zile zilizobaki mahali pake. Neno falaki, ambalo kwa Kiswahili limekuwa jina la elimu nzima ya nyota, katika Kiarabu lilitaja tufe au njia ya duara ambamo nyota huogelea. Na buruji ni minara, kwa hiyo makundi ya nyota yalikuwa kama minara ya mji ambamo sayari huingia, hukaa na kutoka kama wageni, kila mgeni akiwa na nyumba anazokaribishwa na nyumba anazodhalilishwa.

Nyumba hiyo haikuwa ndogo. Al-Farghani, mnajimu wa karne ya 9 ambaye kitabu chake kilisomwa sana Ulaya, alikadiria kwamba nyota zisizohama ziko mbali na dunia mara 20,110 ya nusu ya kipenyo cha dunia, na mkusanyo mmoja wa maisha ya watakatifu ulioandikwa kwa Kiingereza cha karne ya 13 ulieleza kwamba mtu ambaye angepanda maili 40 kila siku asingezifikia hata baada ya miaka 8,000. Ukubwa huo, hata hivyo, ulikuwa na mwisho, ulikuwa na juu na chini, na kila kilichokuwa chini ya tufe la Mwezi kilikuwa kinazaliwa, kinabadilika na kuoza, ilhali kilichokuwa juu yake kilikuwa safi na cha kudumu. Mpaka huo wa Mwezi, uliotoka kwa Aristotle, una umuhimu wa pekee kwa mtunzi wa michezo, kwa maana unaugawa ulimwengu katika sehemu mbili zenye sheria mbili tofauti bila kuhitaji ukuta wala mlango.

Hoja iliyowashawishi watu wenye akili timamu kwamba mbingu zinaiathiri dunia ilikuwa bahari. Mvuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa jambo hili, kwa kuwa anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwamba maji mafu hufuata siku za nusu mwezi. Abu Mashari wa Balkh, aliyeishi kuanzia mwaka 787 hadi 886 na ambaye ndiye mnajimu aliyesomwa kuliko wote katika Ulaya ya Kilatini, alitenga sehemu ndefu ya kitabu chake cha utangulizi wa unajimu kueleza kujaa na kupwa kwa maji, na kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini na John wa Seville mwaka 1133, kisha na Hermann wa Carinthia mwaka 1140, maelezo hayo yakawa msingi wa elimu ya bahari kwa wasomi wa huko. Ikiwa Mwezi unaweza kuivuta bahari nzima, waliuliza, kwa nini Mirihi isiivute damu, au Zohali isiukaushe utomvu wa mti? Swali hilo halikuwa la kijinga, na mtunzi anayeunda ulimwengu wa njozi kwa kudhani kwamba watu wake wa kale waliamini tu bila kufikiri, huunda ulimwengu mwepesi kuliko ule uliokuwapo kweli.

Athari hizo zilielezwa kwa sifa nne: joto, baridi, ukavu na unyevu. Zohali ilikuwa baridi na kavu kama kaburi, Mushtarii ya joto na unyevu kama pumzi ya kiumbe hai, Mirihi ya joto na ukavu wa kuunguza, Mwezi baridi na wenye maji, na Zebaki, isiyo na msimamo, ilichukua tabia ya sayari yoyote iliyokaa nayo. Kwa sifa hizohizo tabibu alipima mizaji ya mwili, yaani vimiminika vinne vya damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, kiasi kwamba mnajimu na mganga walisema lugha moja. Mushtarii na Zuhura ziliitwa sayari za sadi, yaani za heri, na Zohali na Mirihi sayari za nuhusi. Na Mswahili anayelalamika leo kwamba ameandamwa na nuhusi hutamka neno ambalo wanajimu waliliandika kando ya nyota hizo mbili. Kila sayari ilikuwa na madini yake: Jua dhahabu, Mwezi fedha, Zuhura shaba, Mirihi chuma, Mushtarii bati, Zohali risasi, na Zebaki ile maji ya madini inayokimbia mkononi, ambayo Kiswahili kimeiita kwa jina moja na sayari yake, kana kwamba lugha yenyewe ingali inatunza ukurasa wa jedwali hilo la kale.

Majedwali ya namna hii yalienda mbali sana. Al-Biruni, katika kitabu chake cha mafunzo ya unajimu cha mwaka 1029, aliorodhesha kwa kila sayari wanyama, vito, ladha, viungo vya mwili, kazi na tabia, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na imani kubwa na hukumu za wanajimu. Karne ya 15 wachoraji wa Ujerumani na Italia walizipenda picha za watoto wa sayari, ambazo kila moja ilionyesha sayari juu angani na watu wake chini: watoto wa Mwezi ni mabaharia, wavuvi na wasafiri, wa Zebaki ni mafundi, waandishi na watengeneza saa, wa Zuhura ni wapiga muziki na wapenzi, wa Mirihi ni askari, wanyang'anyi na wahunzi, wa Zohali ni wakulima wanaochimba ardhi ngumu, ombaomba na wafungwa. Mchezaji yeyote wa gemu atauona mfano humo mara moja, kwa sababu michezo ya njozi nayo huanza kwa kumtaka mchezaji achague aina ya mtu atakayekuwa; lakini kuna tofauti ambayo haipaswi kupuuzwa. Katika michezo mingi mpiganaji na mwizi ni watu wawili wasiohusiana, ilhali katika picha za watoto wa sayari askari na mnyang'anyi ni ndugu wa baba mmoja, kwa kuwa wote wawili wanaishi kwa chuma na hasira, na mkulima amekaa benchi moja na mfungwa kwa kuwa wote wawili wameinamia ardhi. Undugu huo wa kushangaza hubeba hadithi ndani yake hata kabla msimamizi hajafungua kinywa.

Hata hivyo, orodha ni orodha, na mtunzi anayeishia hapo anapata rangi za kupaka kuta tu. Kilichoipa imani hii uhai ni saa. Mchana uligawanywa katika saa 12 tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na usiku vivyo hivyo, kwa hiyo saa hizo hazikuwa na urefu mmoja: kaskazini mwa Ulaya saa ya mchana wa kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ile ya majira ya baridi, ilhali karibu na ikweta tofauti hiyo ni ndogo sana. Kila saa ilikuwa chini ya sayari moja kwa kufuata mpangilio wa matufe kutoka juu: Zohali, Mushtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Zebaki, Mwezi, kisha Zohali tena, na sayari iliyoshika saa ya kwanza ya mchana ndiyo iliyoitawala siku nzima. Jumamosi ilianza na Zohali, kwa hiyo saa ya 8, ya 15 na ya 22 zikawa zake pia. Ya 23 ikawa ya Mushtarii, ya 24 ya Mirihi, na iliyofuata, ambayo ni ya kwanza ya Jumapili, ikaliangukia Jua. Hesabu hii ndiyo siri ya mpangilio wa siku za juma katika lugha nyingi za Ulaya, ambazo huziita siku kwa majina ya sayari kwa utaratibu ambao mtu hawezi kuugundua kwa kutazama mbingu tu. Kiswahili huhesabu siku zake kuanzia Jumamosi na hakikuzipa majina ya sayari, lakini kimebaki na kitu ambacho Ulaya imekipoteza, nacho ni saa inayoanza na jua: saa ya kwanza ya mnajimu ni ile inayoanza jua linapochomoza na kutimia inapokuwa saa moja asubuhi. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili anayejifunza saa za sayari hahitaji kugeuza saa yake, na pengine hakuna lugha kubwa ya leo iliyo tayari zaidi kwa mchezo wa namna hii.

Mfano ulio bora kuliko yote wa matumizi ya saa hizo katika masimulizi umo katika hadithi ya mwungwana wa vita iliyomo ndani ya Canterbury Tales ya Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400 na ambaye mwaka 1391 aliandika pia mwongozo wa kutumia asturlabu, yaani chombo cha kupimia mahali pa nyota. Vijana wawili, Palamon na Arcite, wanampenda binti mmoja, Emelye, na wanatakiwa kumshindania uwanjani. Palamon anaamka bado kuna giza, katika saa ya 23 ya siku ya Jumapili, saa mbili kabla ya jua, ambayo kwa hesabu ni saa ya Zuhura, akaenda kwenye hekalu la mungu huyo wa mapenzi kumwomba binti, si ushindi. Jua linapochomoza, katika saa ya kwanza ya Jumatatu ambayo ni ya Mwezi, Emelye anakwenda kwa Diana, mungu wa mwezi na wa mabikira, kuomba asiolewe na yeyote, au, ikiwa haiepukiki, aolewe na anayempenda zaidi. Saa ya nne, ambayo ni ya Mirihi, Arcite anaomba ushindi. Maombi matatu yanagongana, miungu inagombana, na anayewapatanisha ni Zohali mzee, baridi na mwenye njia ndefu kuliko wote, ambaye hamnyimi yeyote alichoomba: Arcite anashinda, na akiwa bado anashangiliwa, kitisho kinachotoka ardhini kinamshtua farasi wake, anaanguka, anakufa, na Palamon anamwoa Emelye. Kila mmoja amepata maneno aliyoyatamka, hakupata zaidi. Msimamizi wa mchezo anayetaka kujua jinsi ya kuwapa wachezaji wake miungu isiyo mashine ya kutoa zawadi, hana haja ya kutafuta mbali kuliko hapo.

Ukilinganisha utajiri huo na michezo iliyotungwa tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons mwaka 1974, utaona kilichochukuliwa na kilichoachwa. Spelljammer, ulimwengu uliotungwa na Jeff Grubb mwaka 1989 kwa ajili ya mchezo huohuo, uliyarudisha matufe ya kioo na kuruhusu merikebu zisafiri kati yake, jambo lililokuwa la kuvutia sana, lakini kilichokopwa hapo ni umbo: tufe likawa ganda linalozunguka ulimwengu wa watu fulani na kizuizi cha kuvuka, si chemchemi ya athari inayoshuka. Dragonlance, ulioanza mwaka 1984, ulifika karibu zaidi kwa kuwapa wachawi wake miezi mitatu, mweupe, mwekundu na mweusi, ambayo nguvu za kila kundi la wachawi hujaa na kupwa pamoja nayo, na mtu wa mwambao atatambua humo bamvua na maji mafu ya uchawi. Morrowind, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2002 katika mfululizo wa The Elder Scrolls, humtaka mchezaji achague mojawapo ya nyota 13 za kuzaliwa, zinazompa uwezo fulani. Kisha nyota hiyo hukaa kimya, kana kwamba mbingu zilisema neno moja siku ya kuzaliwa na kunyamaza. Katika mfululizo huohuo, hata hivyo, kuna watu wa jamii ya Khajiit, wenye umbo la paka, ambao sura ya mwili wao, ndogo kama paka wa nyumbani au kubwa kama mnyama wa kupandwa, huamuliwa na hali ya miezi miwili wakati wa kuzaliwa, na hilo ni wazo ambalo tabibu wa karne ya 13 angelielewa bila kufafanuliwa.

Mchezo ulioisoma imani hii kwa uaminifu zaidi ni Ars Magica wa Jonathan Tweet na Mark Rein·Hagen, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ambao umewekwa katika Ulaya ya visasili ya mwaka 1220 na ambamo uchawi wa wanadamu hauwezi kupita tufe la Mwezi. Kanuni hiyo moja inafanya kazi kubwa kuliko kurasa nyingi za historia ya kubuni, kwa sababu mchezaji anayetazama juu usiku anajua kwamba kuna mahali ambapo mhusika wake, hata awe na nguvu kiasi gani, hafiki, na kwamba kinachotoka huko kinamfikia yeye.

Namna ya kuurudisha wakati ndani ya mchezo inaonekana vizuri katika elimu ya talasimu, yaani umbo au maandishi yanayotiwa nguvu ya nyota. Kitabu cha Kiarabu cha Ghayat al-Hakim, kilichoandikwa Andalusia na kutafsiriwa katika baraza la mfalme Alfonso wa Kumi wa Kastilia kuanzia mwaka 1256, kisha kujulikana Ulaya kwa jina la Picatrix, hueleza kwa kila sayari madini yake, fukizo lake, rangi ya vazi, maneno ya kuiita, na zaidi ya yote hali ambayo sayari inapaswa kuwa nayo angani. Zohali, kwa mfano, hukaa karibu miaka miwili na nusu katika kila buruji, na nyumba zake ni mbili zinazofuatana, Jadi na Dalu, yaani Mbuzi na Ndoo. Mchawi aliyekosa kumaliza talasimu yake ndani ya miaka hiyo mitano angesubiri karibu miaka 24 nyota irudi nyumbani. Mtunzi wa mchezo anayeiweka kanuni ya namna hii mezani anampa mchezaji kitu kizito kuliko adui, kwa kuwa kusubiri sasa kuna gharama: dawa ya Zuhura itatiwa nguvu jua la Ijumaa litakapochomoza, lakini wanaomtafuta mgonjwa wameshafika mtoni usiku wa Jumanne, ambao kwa desturi ya kuanza siku na magharibi umekwisha kuingia tangu jua la Jumatatu lizame. Hapo mchezaji hatupi dadu ili ajue kama ameweza, anaamua kwanza kama yuko tayari kufanya jambo jema katika saa mbaya.

Mahali nako kulipangwa kwa sayari. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10 ambaye ana jina pia katika historia ya mwambao huu, kwa kuwa alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wasomi wengi wanadhani ni Pemba, hadi Oman yapata mwaka 916, aliandika juu ya watu wa Harran waliotukuza nyota na akaeleza mahekalu yao: la Zohali lenye pembe sita, la Mushtarii lenye pembe tatu, la Jua la mraba na la Mwezi lenye pembe nane. Mshairi wa Kiajemi Nizami wa Ganja alilipeleka wazo hilo mbali zaidi mwaka 1197 katika utenzi wa Haft Paykar, ambamo mfalme Bahram, mwenye jina ambalo kwa Kiajemi ni jina la Mirihi, anajengewa makuba saba kwa ajili ya malkia saba kutoka pande saba za dunia. Jumamosi anaingia kuba jeusi la Zohali kwa binti wa India, Jumapili la manjano la Jua, Jumatatu la kijani la Mwezi, Jumanne jekundu la Mirihi, Jumatano la samawati la Zebaki, Alhamisi lenye rangi ya msandali la Mushtarii, na Ijumaa jeupe la Zuhura. Na katika kila kuba mavazi, hadithi inayosimuliwa na majonzi au furaha iliyomo vyote vina rangi ya kuta. Kisha anatoka na kukuta kwamba, wakati yeye akisikiliza hadithi, waziri wake ameidhulumu nchi, na wafungwa saba wanasimama mmoja baada ya mwingine kumweleza walivyoteswa. Huu ni ulimwengu wa mchezo uliokamilika karne nane kabla ya mchezo wenyewe, na inasikitisha kwamba watunzi wengi wanaotafuta sayari katika vitabu vya Ulaya hupita mlangoni pake bila kubisha. Kuba la Nizami hufundisha kwamba sayari haihitaji kutajwa ili itawale. Michael Ward, katika utafiti wake wa mwaka 2008 juu ya C. S. Lewis, alidai kwamba hadithi saba za Narnia zimejengwa kwa siri hiyohiyo, kila kitabu kikipumua hewa ya sayari yake bila kuitangaza.

Zaidi ya saa na siku kulikuwa na karne. Mushtarii na Zohali hukutana angani kila baada ya miaka 20 hivi, na mikutano hiyo, kwa hesabu ya Abu Mashari, hubaki katika buruji za asili moja, za moto, udongo, hewa au maji, kwa yapata miaka 240 kabla ya kuhamia asili nyingine, na hurudi ilikoanza baada ya miaka 960 hivi. Kuhama huko kulichukuliwa kuwa dalili ya kuinuka kwa dini na kuanguka kwa dola. Tauni kubwa ilipofika Ufaransa mwaka 1348 na mfalme Philip wa Sita akataka kujua chanzo chake, waalimu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris walijibu kwamba Zohali, Mushtarii na Mirihi zilikutana katika Ndoo mnamo tarehe 20 Machi 1345, kwamba Mushtarii yenye joto na unyevu ilivuta mvuke mbaya kutoka ardhini na majini, na kwamba Mirihi yenye joto na ukavu iliuwasha mvuke huo. Maelezo hayo hayakumponya mtu hata mmoja, na ni wajibu kulisema hilo wazi kwa heshima ya waliokufa. Lakini yanaonyesha jinsi akili ya wakati ule ilivyofuata sababu hatua kwa hatua, na mtunzi anayetaka janga katika ulimwengu wake anaweza kujifunza hapo kulipa chanzo, njia na miaka mitatu ya ukimya kati ya ishara na maafa.

Jambo moja zaidi huachwa na karibu kila mtunzi, nalo ni mabishano. Watu wa Zama za Kati hawakukubaliana juu ya sayari. Ibn Sina aliandika risala ya kuwapinga wanajimu, na wanazuoni wa Kiislamu kwa jumla walitenganisha hesabu ya nyota, iliyohitajika kwa nyakati za sala na kwa kibla, na hukumu za nyota, ambazo wengi wao walizikataa. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba nyota huugusa mwili na hisia zake lakini haziwezi kuilazimisha nia ya mtu, na kwamba wanajimu hupatia mara nyingi wanapotabiri juu ya umati kwa sababu watu wengi hufuata hisia zao. Miaka mitatu baadaye askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku hoja 219, baadhi zikiwa zile zilizoifanya nia ya mwanadamu kuwa mtumwa wa nyota. Ulimwengu wa njozi ambamo kila mtu anajua kwa hakika nyota zinafanya nini ni ulimwengu uliokwisha kujibiwa, na wachezaji hawana la kutafuta ndani yake.

Baghdad yenyewe, mji ambao elimu hii ilipata lugha yake, ilizaliwa kwa saa iliyochaguliwa. Khalifa al-Mansur aliwaagiza wanajimu, miongoni mwao Naubakht Mwajemi na Mashaallah, wamtafutie wakati wa kuweka msingi, nao wakachagua saa moja ya mwisho wa Julai 762, Mushtarii ikiwa katika buruji ya Mshale; na ikasimuliwa kwamba Naubakht alimwahidi khalifa kuwa hakuna khalifa atakayekufa ndani ya mji huo. Al-Mansur alifariki njiani kuelekea Makka, al-Mahdi safarini, Harun al-Rashid huko Tus, na al-Amin alipouawa mwaka 813 waliokuwa wakiutetea utabiri walisema kwamba alikamatwa akiwa kwenye mashua mtoni, kwa hiyo mji haukuhusika. Karibu miaka 500 baada ya msingi ule Hulagu Khan alifika na jeshi la Wamongoli, akawauliza wanajimu wawili walioitazama mbingu moja: Husam al-Din alimwambia kwamba akiushambulia mji jua halitachomoza na mvua haitanyesha, na Nasir al-Din al-Tusi akamwambia kwamba halitatokea lolote ila Hulagu kukaa mahali pa khalifa. Mji ulianguka Februari 1258, khalifa al-Mustasim akauawa, na mwaka uliofuata al-Tusi alianza kujenga huko Maragha kituo cha kuangalia nyota, ambako yeye na wenzake walikaa kuzipima upya sayari zilezile, usiku baada ya usiku.